Mdogo Wangu Kwenye Ramani ya Tumbili

Ukutani mwa ofisi moja huko Kiriri, Bujumbura, kuna ramani, na juu ya ramani kuna vidoa. Kila kidoa ni tumbili mmoja aliyeokotewa kinyesi chake chini ya mti. Vya bluu ni tumbili wazima. Chekundu ni kimoja tu, na huyo si tumbili. Ni mdogo wangu, mtoto wa mama yangu, aliyenifuata kunyonya ziwa moja.

Majina ya watu sitayaandika. Si kwa heshima. Heshima waliimaliza wenyewe. Ni kwamba wao wana mawakili na mimi nina jembe. Ila vyeo vyao nitavitaja, na mwenye kuijua Bujumbura atawatambua: mkuu wa mradi wa tumbili, mwenye ofisi Kiriri; mganga wa kituo chetu cha afya cha Buterere; na mtu wa mashine, aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara ya Kinanira. Huyo wa mwisho ndiye pekee aliyenisaidia, na ndiye ninayemchukia kuliko wote.

Shule yangu iliishia pale vita vilipotukuta. Tulivuka mto kutoka upande wa Congo tukiwa wawili, mimi nimemshika mkono, yeye ameshika sufuria. Wengine wa nyumbani hawakuvuka kwa sababu walikuwa wamekwisha kufa. Tangu siku hiyo nilikuwa na kazi moja duniani: yule mtoto asife kabla yangu. Hata alipokuwa mwanamke mzima, anasuka watu nywele na kunisema mbele ya wateja wake, mimi bado niliamka kusikiliza kama anapumua.

Tulipanga chumba Buterere, ndani ya lupango, ua mmoja wenye vyumba vingi na choo kimoja. Mvua ikinyesha, maji ya mpunga yanatoka shambani yanakuja kukutembelea mpaka chini ya kitanda. Mimi nililinda mpunga wa watu. Unakaa kwenye kibanda, unagonga debe, ndege wanaruka. Tumbili wakishuka kutoka kwenye miti ya kando ya mto, unagonga zaidi na kutukana. Tumbili hawaogopi matusi. Kwa hiyo niliwajua vizuri: wapi wanalala, nani mkubwa wao, jike gani lina mtoto.

Ndiyo sababu watu wa mradi waliponikuta shambani walinichukua. Walitaka kujua kama tumbili wa pale wana malaria, lakini hawakutaka kumkamata hata mmoja. Hakuna mtego, hakuna sindano, hakuna tone la damu. Walitaka kinyesi tu.

Kazi yenyewe ni hii. Alfajiri unafika chini ya mti wanapolala, unatandika majani ya migomba, unakaa kimya. Tumbili akiamka, kabla hajashuka, anajisaidia. Unamtazama ni yupi, unangoja aondoke, halafu unakwenda na kijiti safi. Huchukui upande uliogusa jani. Unachukua katikati, kikiwa bado na moto wake. Unatia ndani ya kichupa chenye maji ya dawa, unafunga, unatikisa, unaandika alama ya herufi na namba. Basi. Tumbili hajui hata kama amepimwa.

Siku ya kwanza niliporudi nyumbani mdogo wangu alikuwa amemshika mteja kichwa, anasuka. Akanusa hewa.

"Yaya," akasema, maana kwetu dada mkubwa ni yaya, na tumbili ni makako, "tumevuka muto na sufuria, tumelala chini ya mahema, yote ili we uje kuokota mavi ya makako?"

Mteja akacheka mpaka msuko ukamponyoka mdogo wangu mkononi.

"Mavi haya yanakulisha," nikamwambia.

"Ndiyo maana mchele una ladha!"

Mama muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, aliyekaa mlango wa tatu kutoka kwetu, naye akachungulia, mikono imejaa magamba ya samaki. "Muacheni dada yenu. Mi nanuka samaki, yeye ananuka makako, tutaolewa harusi moja." Ndivyo tulivyoishi. Huyo mama alikuwa Mrundi, mjane, na kila jioni alimwekea mdogo wangu kisahani cha ndagala za kukaanga, kwa sababu mdogo wangu alimsuka bure. Mkumbuke huyu mama na kisahani chake.

Mtu wa mashine nilimpelekea vichupa Kinanira. Alikuwa mpole, mwenye miwani, ananiita dada. Ndiye aliyenieleza. Alisema mdudu wa malaria akiishi ndani ya mwili anaacha alama yake kila mahali, kwenye damu, kwenye mate, hata kwenye kinyesi, ila ni kidogo mno, jicho haliwezi. Mashine inaichukua ile alama inainakili, tena inainakili nakala, mpaka inakuwa nyingi na mstari unapanda kwenye kioo. Mstari ukipanda, mdudu yupo. Ukilala chini, hayupo. Na mashine inaweza kutofautisha mdudu wa watu na mdudu wa makako. Nilimwuliza kama inaweza kuona hata asiyejisikia mgonjwa. Akasema inaweza. Neno hilo nililiweka.

Msimu ule mvua zilikataa kukoma. Mdogo wangu akaanza homa. Inakuja, anatetemeka, inakwenda, anaomba uji, mchana anasuka, jioni imerudi. Nikampeleka kituo cha afya. Mganga akamchoma kidole, akaweka damu kwenye kile kijiti cha kupimia, tukangoja. Malaria ikiwepo inatoka mistari miwili; ukatoka mmoja.

"Si malaria," akasema.

"Muganga, mi ninaijua malaria. Nimeiona tangu utoto."

"Na mimi nimesoma, mama. Kijiti kimesema apana."

Nyuma yake, juu ya meza, kulikuwa na hadubini imefunikwa kitambaa kilichotariziwa maua. Nikamwomba aangalie damu kwa ile. Akasema aliyekuwa akiitumia amehama, na siku hizi kijiti ni cha kisasa zaidi. Akatupa vidonge vya maumivu. Tuliporudi tena, mdogo wangu ameshikwa kwapani, macho yana rangi ya mchuzi wa mawese, akachoma tena kidole kilekile, ukatoka mstari uleule mmoja. "Labda ni tumbo," akasema. "Labda ni mawazo. Nyinyi wakimbizi mna mawazo mengi." Kitambaa cha maua hakukigusa. Huyo ni mmoja.

Nikaenda Kinanira. Nikamwambia mtu wa mashine: mashine yako inaona kisichoonekana, nipimie mdogo wangu.

Akavua miwani. "Dada, siwezi. Mkuu amekataza. Ruhusa ya mradi ni ya makako tu. Tukipima mutu, wanatufungia."

Nilikwisha kumsikia mkuu kwa masikio yangu, siku aliyotukusanya sisi waokotaji. Alisema: "Sitaki hapa kesi za watu. Mtu ana kituo cha afya." Huyo ni wa pili, na yeye alikuwa hajaanza.

Sikuondoka. Nilikaa kwenye ngazi ya maabara mpaka mtu wa mashine akatoka kwenda kula. Akaniona. Akatazama huku na huku, akanipa kichupa. "Lete kinyesi chake humu. Lakini uandike alama ya makako, ufuate namba za kwenu. Mashine haitajua."

Nikarudi mbio. Mdogo wangu alipoona kichupa alifungua macho yote mawili.

"Sasa leo zamu yangu?"

"Leo zamu yako."

"Utatandika na migomba?" Akacheka, kikohozi kikamkatiza. "Yaya, ukifika mbinguni mama atakuuliza umefanya kazi gani duniani. Utamjibu nini?"

Nikachukua katikati, kama nilivyofundishwa. Nikaandika alama kwa mkono wangu, ile iliyofuata ya jike la mwisho. Nikakipeleka.

Hapo nikafundishwa kitu ambacho hakuna aliyeniambia kabla. Mashine ile haiwashwi kwa kichupa kimoja. Ndani yake inaingia sahani yenye vishimo vingi, na dawa ya kila sahani ni ghali, inatoka Ulaya. Mkuu ameagiza isiwashwe mpaka vishimo vyote vijae. Na sahani ya wakati ule ilikuwa haijafika hata nusu.

"Ijaze wewe," mtu wa mashine akaniambia. "Ukileta vya kutosha, naiwasha."

Basi ndipo nilipojua wazimu unafananaje. Mdogo wangu anaungua kitandani, mama muuza ndagala amekaa naye anamlowesha kitambaa, na mimi niko chini ya miti naomba tumbili wanye. Mvua ilikuwa imewatawanya. Ilikuwa inaosha majani kabla sijafika. Niliwafuata mpaka kwenye matete, maji yananifika kiunoni. Niliwaimbia. Mimi niliyewagongea debe miaka yote, sasa nawabembeleza kama wakwe. Nikijaza kibegi napeleka Kinanira, nauliza imejaa? Bado. Narudi. Imejaa? Karibu. Halafu siku ilipojaa umeme ukakatika, na jenereta haina mazutu, yaani dizeli, maana mji mzima haukuwa na mazutu, magari yalipanga foleni hadi yakaota kutu.

Umeme ulirudi siku moja mchana. Sahani ikaingia. Jioni nilipiga simu tena na tena, mtu wa mashine hakushika. Nikasema labda bado inanakili. Asubuhi mdogo wangu alianza kuongea na mama yetu, anamwambia ashike vizuri sufuria, mto una nguvu. Tukatafuta pikipiki. Hatukufika nayo mbali. Alikufa katikati yangu na dereva, kichwa begani mwangu, na mimi nikaendelea kumshika asianguke mpaka dereva akasema, "Mama, tushuke."

Kwetu, mtu akifa, kabla ya kuzika mmoja wa familia anasimama mbele ya watu kueleza ugonjwa: ulianzaje, alipelekwa wapi, walisema nini, neno lake la mwisho. Warundi wanafanya hivyo, na sisi tuliotoka Congo vilevile. Watu wanasikiliza hiyo kuliko sala. Familia nzima ilikuwa mimi. Nikasimama. Nikasema alikuwa na homa. Wakauliza homa ya nini. Nikasema kijiti kilikataa malaria mara mbili. Wakatazamana kama watu waliokwisha kuelewa jambo lao wenyewe.

"Kama si malaria, alikula nini?" sauti ya mwanamke ikauliza kutoka nyuma.

Na wote wakageuka kumtazama mama muuza ndagala.

Sumu. Kwetu ugonjwa usio na jina ni sumu, na sumu lazima iwe na mkono. Nilisema apana, huyu ndiye aliyemuuguza, nikajaribu kupiga kelele, lakini nilikuwa nimelia sana, sauti haikutoka. Kabla wiki ya msiba haijaisha walimtolea vyombo vyake barabarani: masufuria, beseni la samaki, godoro. Mwenye lupango alisema hataki kesi. Mama wa watu aliokota sahani zake kwenye tope, akaniangalia mara moja tu. Lile jicho bado liko juu yangu.

Baada ya wiki kadhaa mkuu akatuita Kiriri. Hakuwahi kutuita huko. Alitupa fanta na keki. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepata mtoto wa kiume. Akatusimamisha mbele ya ramani, akagusa kile kidoa chekundu kwa kidole.

"Huyu," akasema, "ni wa kwanza hapa kwetu. Makako mwenye malaria ya watu! Mstari wake umepanda kuliko wote. Mnaelewa maana yake? Wageni wanakuja kwa ajili yake. Tumtafute tena."

Chini ya kidoa walikuwa wamebandika ile karatasi ya kichupa yenye alama. Mimi si msomaji mkubwa, lakini mwandiko wa mkono wangu mwenyewe, herufi ile na namba zile, naujua. Nikaweka keki chini.

Mtu wa mashine, aliyekuwa amesimama dirishani, akatoka nje. Nikamfuata bustanini.

"Mstari ulipanda saa ngapi?"

Akaanza kufuta miwani.

"Nilikupigia. Ulikuwa umekwisha kupanda?"

"Mkuu alikuwa amesimama nyuma yangu, dada. Aliuona kabla yangu, akaanza kunikumbatia. Ningemwambia nini? Kwamba nimemtia mutu kwenye sahani? Niko na watoto."

"Na simu ilikuwa wapi?"

"Mfukoni." Akaanza kulia. "Kuna wadudu wengine kijiti hakiwaoni. Sindano ya malaria ingeweza... Dada, nisamehe."

Usiku mzima. Jibu lilikuwa mfukoni mwake usiku mzima, linatetemeka kila nilipopiga. Huyo ni wa tatu. Mganga hakujua, na mkuu hakujua siku ile. Yeye alijua.

Nitasema na hili, wanicheke. Mkuu alituagiza tumtafute yule makako, na mimi nilikwenda. Nilijua yuko kaburini, nimemzika mimi, na bado alfajiri nilikaa chini ya mti nimeinua uso. Jike moja lilikuwa limemlaza mwenzake mapajani linamchambua manyoya, linayagawa kwa vidole, taratibu, mstari kwa mstari, vile mdogo wangu alivyogawa nywele za mteja. Likasimama likanitazama chini. Nikaita jina la mdogo wangu. Nakuambia niliita. Lilipoondoka sikuokota kitu, majani yalibaki vilevile.

Siku wageni walipokaribia kuja, mkuu akasema atakwenda mwenyewe kuona mahali. Akaja na gari, buti mpya, kamera shingoni. Nikakaa mbele na dereva kuonyesha njia. Tulipofika njia panda ya kwenda mtoni nikamwambia dereva anyooke. Akanyooka. Tukatoka mjini.

"Mama, makako wako huku?" mkuu akauliza.

"Wako, patron," nikamjibu, maana ndivyo tunavyomwita bosi.

Gari likasimama kwenye makaburi. Nikashuka, naye akashuka nyuma yangu, anakwepa madimbwi. Nikamfikisha kwenye msalaba wa mbao.

"Huyu hapa uliyekuwa unamtafuta. Kile kichupa ni chake. Nilikiandika mimi."

Alisoma msalaba. Nilimwona anavyoelewa, kidogo kidogo, kama maji yanavyopanda ukutani. Niliwaza, sasa atasema pole. Hata mbwa wa mtu akifa tunasema pole.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Mtu wa mashine."

"Kichupa kiliandikwa makako, mama."

"Niliandika mimi, nakuambia."

"Basi ulinidanganya, na mradi unaweza kukushitaki."

"Nishitaki. Lakini ufute kile kidoa. Na uniandikie neno moja tu, kwamba ilikuwa malaria. Kuna mama amefukuzwa kwake, wanasema alimlisha sumu kwenye ndagala."

Akacheka kwa pua. "Niandike kwamba tulipima mtu bila ruhusa? Nifungiwe mradi kwa sababu ya ndagala?" Akamgeukia dereva. "Washa."

Nilirudi kwa miguu. Kazi iliishia hapo. Mtu wa mashine naye aliondolewa, nikasikia yuko Kigoma, sijui, sitaki kujua. Kidoa hakikuondoka. Mlinzi wa ile ofisi, tunayesali naye, ananiambia bado kipo, na wageni walikuja, walikipiga picha.

Siku ya kuondoa matanga, ambayo kwetu huja baada ya miezi, nilipika kwa watu wote wa lupango, na kabla hawajala nikasimama. Safari hii sauti ilikuwepo. Nikasema mdogo wangu ameuawa na malaria, mashine iliona, mganga wa hapa aliacha hadubini chini ya kitambaa cha maua, mtu wa mashine alikaa na jibu mfukoni, mkuu wa Kiriri amemwandika tumbili, kidoa chekundu kwenye ramani, mpaka leo. Niliyataja majina yao yote kwa mdomo, mara mbili mbili, mganga yuleyule amekaa pale mstari wa pili na sahani mkononi.

"Karatasi ya hiyo mashine iko wapi?" mwenye lupango akauliza.

"Hakuna karatasi. Niko mimi."

Wengine waliguna. Wengine walitazama chakula. Mganga aliweka sahani chini akaondoka bila kula, na hilo watu waliliona. Nilikuwa nimemtumia habari mama muuza ndagala, sikujua kama atakuja. Alikuwa amesimama nje ya mlango wa bati, beseni kichwani, hajaingia. Nikaenda nikamshika mkono, nikampitisha katikati yao, nikamkalisha kwenye mkeka wangu. Nikachukua kutoka kwenye beseni lake ndagala za kukaanga, nikala mbele yao wote, moja baada ya nyingine, nikitafuna polepole. Kisha mteja yule wa zamani, yule aliyecheka mpaka msuko ukaponyoka, akanyoosha mkono naye akachukua.

Mama muuza ndagala hakulia. Alingoja mpaka watu walipoanza kuongea mambo mengine, ndipo akaniinamia.

"Na kile kidoa," akaniuliza, "wamekifuta?"

"Apana," nikamwambia. "Bado yuko huko na makako wao."